Neno Moja Ambalo Sikulifungulia Kamusi

Siku niliyostaafu nilikabidhi funguo tatu, muhuri wa maktaba na marufaa moja ya mbao, ya kuwekea kitabu. Baadaye vijana wa chumba cha kusomea waliona nimesahau kukabidhi kitu kimoja, nacho ni habari zenyewe. Wakaniletea nyumbani Timbwani daftari jipya na kalamu mbili. Ya pili, naamini, ni kwa kuwa wanajua nilivyo mzito wa kumaliza jambo. Basi namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakishia macho na mkono, na naandika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilivyokuja nilivishukuru, na vilivyochelewa vilinizoesha subira, ambayo nayo ni riziki. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, kazi ya kushika kamusi. Kwa karibu miaka ishirini, katika klabu ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Changamwe, mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa neno gani la Kiingereza ni neno na lipi si neno. Mtu wa Likoni, mtoto wa chuo cha Kurani, akiwaamulia watu Kiingereza. Wazungu wenyewe wangejua wangecheka. Maneno niliyoyaamua hayana hesabu. Moja tu niliamua bila ya kuifungua kamusi, na hilo ndilo nataka mlijue kuliko yote.

Nilianza kiwandani mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika bohari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina juu ya masanduku. Siku moja meneja wa wafanyakazi alipita, akasimama, akauliza hati ile ni ya nani. Mimi nilijifunza kuandika kwa kalamu ya mwanzi mbele ya Shehe Athumani, mwalimu wangu wa chuoni kule Mtongwe, ambaye herufi ikipinda alikufutisha ubao mzima. Nilisoma shule ya serikali pia, hadi kidato cha pili, lakini mkono wangu ni wa chuoni. Wiki iliyofuata nikaambiwa niende klabu, kwenye chumba cha kusomea, nikawe msaidizi wa Bwana Lobo.

Bwana Lobo alikuwa Mgoa wa makamo, Mkristo mcha Mungu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Chumba chake kilikuwa na kabati nne za vitabu, meza mbili ndefu, feni moja iliyolalamika mchana kutwa, na magazeti ya jana. Upande wa pili wa ukuta watu walipiga keram na drafti kwa makelele. Kwetu palichezwa mchezo mmoja tu, ule wa vigae vya herufi. Kila mchezaji huchota vigae saba mfukoni, akapanga neno la Kiingereza juu ya ubao wa miraba. Herufi za kila siku zina alama moja moja, na zile ngumu kama Q na Z zina kumi. Mchezaji akibisha neno la mwenzake, kamusi ndiyo inayokata shauri, na mshika kamusi ni mtu wa maktaba. Neno likikutwa, alama zinahesabiwa. Lisipokutwa, mwenyewe anarudisha vigae vyake na zamu inampita.

Siku yangu ya kwanza walikuwa wakicheza mafundi wawili wa mitambo. Mmoja akapanga CAT. Mwenzake, kwa mzaha tu, akasema, "Nabisha." Nikacheka. Bwana Lobo hakucheka. Alivaa miwani, akaivuta ile kamusi nene iliyovishwa karatasi la khaki, akaifungua, akatafuta, akaweka rula ya chuma chini ya neno, kisha akaigeuza kamusi iwaelekee wachezaji. Akangoja mpaka wote wawili wasome.

Walipoondoka nikamuuliza, "Bwana Lobo, hata paka?"

"Hasa paka," akasema. "Neno usilolijua utalifungulia tu, utake usitake. Lile unalolijua ndilo litakuaibisha."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyechoka. Lakini nilishika utaratibu wake kama nilivyoshika udhu: fungua, weka rula, geuza, nyamaza. "Wewe huamui," alikuwa akiniambia. "Kitabu ndicho kinachoamua. Wewe ni bawabu wake tu."

Nanyi vijana mnaoingia, msidhani maneno ya mchezo huu ni yale ya magazetini. Wachezaji wazuri walikuwa na maneno ambayo Mwingereza wa kawaida akiulizwa atakuna kichwa. AI, kwa mfano, ni mnyama mvivu wa Amerika anayeninginia mtini siku nzima. Tulikuwa naye mmoja katika sehemu ya ufundi, ila huyu wetu alininginia kantini. AA ni mawe makali yanayotoka katika mlima wa moto. ZAX ni shoka dogo la fundi wa mapaa ya mawe. Neno la herufi mbili linaweza kuushinda mchezo, kwani huingia pale ambapo neno kubwa haliwezi kupenya. Hilo nililipenda tangu mwanzo. Hata katika safu ya swala, palipobaki nafasi finyu huingia mtu mwembamba.

Neno lililowatia watu wazimu ni CWM. Ni bonde, la huko kwa Wawelishi. Siku lilipopangwa mara ya kwanza chumba kizima kilisimama. Hamadi, karani wa lango kuu na jirani yangu wa Timbwani, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, akapiga meza.

"Maalim," akaniambia, maana jioni nilikuwa nikisomesha chuoni na jina hilo lilinifuata hadi kazini, "wanambia hili ni neno? Lina irabu wapi? Hata mbuzi akilia hutia irabu!"

Nikafungua, nikaweka rula, nikageuza. Hamadi akasoma, akasoma tena, akakaa.

"Basi watu wa huko," akasema, "waitana vipi wakiwa mbali?"

Mwaka wa tatu Bwana Lobo alistaafu, akaniachia kamusi na rula. Marufaa ni yangu mwenyewe. Kamusi ile ilikuwa nzito, jalada likianza kuachana na mgongo kwa kulazwa juu ya meza, na mimi nilifunzwa kwamba kitabu hakivunjwi mgongo. Nikamwendea seremala wa Likoni anichongee marufaa kama ile tunayowekea Msahafu, kubwa zaidi na bila ya nakshi. Hamadi alipoiona tu akapaaza sauti: "Jamani, Maalim amewatawaza Waingereza!" Mama yangu, Mungu amrehemu, naye hakupendezwa. Nikamuuliza Shehe Athumani. Akasema mbao ni mbao, na heshima kwa kitabu cha elimu haijamdhuru mtu, ila nisije nikaichanganya na ile ya nyumbani. Sikuichanganya.

Na kile kigae cha V kilichochongwa kwa mkono, ambacho bado kimo katika mfuko, kisa chake ni hiki. Cha asili kilipotea chini ya kabati, nadhani kimo hadi leo. Seremala yule yule akanichongea kingine cha mvule. Kizuri mno, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu, kwani mtu akitia mkono mfukoni alikijua kwa kidole. Wakaanza kukikwepa wote, na V ikawa inabaki ya mwisho kila siku. Ilinibidi nikisugue kwa msasa jioni tatu mpaka kikawa kibaya kama wenzake.

Sasa nimfikie Josefina. Alikuja kutoka magharibi ya nchi, akapanga chumba Chaani, akaajiriwa sehemu ya kufungia bidhaa, pale ambapo wanawake husimama kutwa wakifunga maboksi. Siku moja saa ya chakula aliingia chumba cha kusomea, akaniuliza kama wafungaji wanaruhusiwa. Nikamwambia mlango hauulizi kazi ya mtu. Akakaa mbele ya kamusi. Kesho yake akaja na daftari. Akawa anaisoma kamusi kama mtu anavyosoma hadithi, ukurasa baada ya ukurasa, akinakili maneno mafupi na yale yasiyo ya kawaida, na mbele ya kila neno namba ya ukurasa.

"Maalim, hii ZAX iko kweli?"

"Neno liko, Josefina. Si iko. Liko."

"Sawa, liko," alikuwa akijibu, na baada ya dakika tano, "Na hii ZO, iko?"

Nilimsahihisha kwa miaka. Sisi wa pwani tuna ugonjwa huo. Mtu akisema nyumba inawaka moto, kwanza tunaangalia kama amesema sawasawa.

Alianza kucheza, akashindwa, akashindwa tena, kisha akaacha kushindwa. Mwaka huo klabu za viwanda zilikubaliana kwamba bingwa wa kila klabu atapelekwa Nairobi kushindana na mabingwa wenzake. Nafasi ilikuwa moja tu. Fainali yetu ikaangukia kwa wawili: Hamadi, ambaye alikuwa bingwa wa miaka miwili, na Josefina. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo, wala mtu wa sehemu ya kufungia. Makarani hawakulificha lao. "Leo wafungaji wamekuja kufunga maneno," mmoja alisema mlangoni, na akina mama wale, waliokuja kwa wingi na vitambaa vyao vya kazi vichwani, wakamjibu kwamba wakimaliza maneno watamfunga na yeye.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Vigae vilipobaki vichache, Josefina akaweka Q, akaitegemeza kwenye A iliyokuwamo ubaoni, akamalizia kwa D na I. QADI.

Hamadi akatazama. "Nabisha," akasema.

Nami nilikuwa nimekwisha kuliona. Naandika kama ilivyokuwa, sijipambi. Moyo wangu ulicheka. Kadhi! Neno nililolikuta katika vitabu vya fikihi kabla sijaota ndevu, nikakaririshwa sharti za kadhi na adabu za kadhi, mpaka namna anavyokaa. Huyu binti amelisikia wapi, nikajiuliza, akadhani ni Kiingereza? Tena nikaona kosa la pili, ambalo kwa mtu wa chuoni ni kubwa kuliko la kwanza: amelitia D. Lile ni dhadi, herufi ya Kiarabu ambayo sisi tulichapiwa fimbo ili tuitamke, nayo si D wala haijapata kuwa D. Na Q bila ya U nyuma yake! Katika Kiingereza nilichofunzwa, Q haitoki nyumbani peke yake.

Mkono wangu ulikuwa juu ya jalada la kamusi. Nikauondoa.

"Halipo," nikasema. "Hilo ni letu, si lao. Na hata lingekuwa lao, halijaandikwa sawa."

Josefina akaniangalia. "Maalim, hujafungua."

"Hilo halihitaji kufunguliwa, binti yangu. Mimi nimekua nalo."

Josefina akainama juu ya ubao. Akarudisha vigae vyake kimoja kimoja. Zamu ikampita. Q ikamganda mkononi hadi mwisho wa mchezo, na kwa sheria Q iliyobaki mkononi inamla mwenyewe alama kumi. Alishindwa kwa alama tisa.

Makarani walimbeba Hamadi mabegani. Akina mama wa kufungia waliondoka bila ya kelele. Josefina alinipa mkono, akasema, "Asante, Maalim," akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nilipofungua chumba nilikuta daftari lake juu ya meza. Sikudhani amelisahau. Nilidhani ameliacha, kama mtu anavyoacha mkongojo akishapona, au akishakata tamaa ya kupona. Nikalifungua ili nijue la nani, na uongo huo mdogo Mungu anisamehe, kwani nilijua. Ukurasa wa Q ulikuwa na maneno machache. La tatu ni QADI, na mbele yake, kwa mwandiko wake wa duara, namba ya ukurasa.

Nikaenda kwenye marufaa. Nikafungua. Nikaweka rula.

Lilikuwapo. Wamelitia wao wenyewe, kwa D yao, bila ya kumwomba ruhusa Shehe Athumani wala mimi. Maana yake: hakimu wa Waislamu.

Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Lobo muda mrefu. Hakuna aliyejua. Neno halikufunguliwa, na hakuna mwingine ambaye angelifungua, maana watu walimwamini Maalim kuliko kamusi. Nikisema, itakuwaje? Mshindi ni jirani yangu, tunasali msikiti mmoja. Aliyeshindwa ni mgeni, Mkristo, mfungaji wa maboksi. Nani angeamini kwamba ni ujinga tu? Na nisiposema, Jumamosi gari la Nairobi litaondoka, na mambo yatakwisha.

Jioni nilishuka Mtongwe kwa Shehe Athumani. Alikuwa mzee sana wakati huo, akiona kwa jicho moja. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikauliza kwa mbali, kama mwanafunzi.

"Shehe, mwenye kuhukumu akakosea ana nini?"

"Akijitahidi akapata, ana malipo mawili. Akijitahidi akakosea, ana moja. Hili nilikufunza zamani."

Nikashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi nina moja."

"Ngoja. Kwani wewe wahukumu nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, tasbihi ikipita vidoleni.

"Kitabu kilikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Juu ya marufaa."

"Kimefunguliwa?"

"La."

"Basi malipo hayo usiyangoje, mwanangu. Yale ni ya aliyetafuta akakosea. Wewe hukutafuta." Akasukuma punje moja ya tasbihi. "Na neno lenyewe lilikuwa lipi?"

Nilitamani asingeuliza. "Kadhi," nikasema.

Shehe Athumani alicheka mpaka mjukuu wake akatoka jikoni kutazama kuna nini. "Umemkataa kadhi!" akasema akifuta lile jicho lake. "Umekaa kitini pake, ukamwambia hayupo!" Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Nenda ukakifungue mbele ya watu wale wale. Si mbele ya mmoja, wala si kwa barua."

Jumatano baada ya alasiri nilimwomba mwenyekiti wa klabu awaite. Walikuja wote, makarani na akina mama wa kufungia. Niliiweka marufaa katikati ya meza, nikafungua kamusi, nikaweka rula, nikaigeuza. Nikasema, "Jumamosi niliulizwa neno nikajibu kwa kichwa changu. Hiki hapa kitabu. Neno la Josefina ni halali. Kosa ni langu, wala Hamadi hana fungu ndani yake."

Watu walipita mmoja mmoja kusoma. Nyuma ya chumba nikasikia lile nililolitarajia: "Si jirani yake yule? Si wa msikiti mmoja?"

Hamadi alilisikia pia. Aliinuka, uso umebadilika. "Maalim, wanivua nguo mbele ya watu."

"Najua, Hamadi. Niwie radhi."

"Tiketi nimeshapewa. Mke wangu ameshapiga pasi suti. Mtaa mzima wa Timbwani wajua nenda Nairobi." Akawageukia wale wa nyuma. "Na nyinyi mnaonong'ona, semeni kwa sauti! Mwasema nimebebwa. Wallahi sendi Nairobi kwa mgongo wa msikiti. Leteni ubao."

Josefina alikuwa bado amesimama mbele ya kamusi, kidole juu ya rula. Nikamwomba radhi na yeye, mbele ya wote.

"Mimi nilijua iko," akasema taratibu. "Angekuwa mtu mwingine ningemshika shati mpaka afungue. Wewe nilikuheshimu."

Hilo lilinichoma kuliko minong'ono yote. Niliwachotea vigae.

Mchezo ule wa pili ndio mchezo bora niliopata kuusimamia, na kati ya nyinyi wapo waliozaliwa na watu waliokuwamo chumbani. Hakukuwa na maneno ya ajabu. Kila mmoja alimwogopa mwenzake, wakacheza maneno ya sokoni. Mwisho kabisa Hamadi akiwa mbele kwa alama chache, Josefina akabakiwa na vigae vinne, akavipanga vyote pembeni: GOAT. Hamadi akamtazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona meno yake.

"Nabisha," akasema.

Nikavaa miwani. Nikafungua kamusi, nikatafuta, nikaweka rula.

"Maalim!" Hamadi akapaaza sauti. "Hata mbuzi wamtafuta kitabuni?"

"Hasa mbuzi," nikasema, nikaigeuza.

Josefina alimshinda kwa alama mbili. Vigelegele vya akina mama wa kufungia vilisikika hadi kwenye lango kuu, na yule karani aliyewafanyia mzaha mlangoni Jumamosi, naambiwa, alitorokea dirishani asije akafungwa. Hamadi alimpa Josefina tiketi kwa mkono wake, akamwambia asije akatutia aibu huko kwa hayo mabonde yasiyo na irabu. Nairobi alitolewa katika mchezo wa pili. Alirudi na orodha ya maneno mapya kurasa sita, na furaha kama aliyerudi na kombe. Nililonalo mimi la kujivunia ni kwamba baada ya siku ile watu hawakupungua chumbani kwangu, waliongezeka. Wakawa hawanikubalii neno hata moja bila ya kulisoma wenyewe. Mwanzoni iliniuma kidogo. Kisha nikaona kwamba hivyo ndivyo Bwana Lobo alivyotaka tangu siku ya paka.

Mwaka uliofuata niliomba Josefina atolewe maboksini awe msaidizi wangu. Maombi yalipita mezani kwa watu wengi, na subira nimekwisha kuitaja. Mwishowe alikuja. Nilimfunza namna ya kushona vitabu vilivyolegea, kufukuza vidudu kwa kuvianika vitabu kivulini na si juani, na kuvisoma vichwa vya magazeti kabla ya wachezaji ili ajue siku hiyo watabishana nini. Kamusi sikuwa na la kumfunza. Yeye ndiye aliyenionyesha yote yaliyokuwamo humo bila ya mimi kujua: miraa imo, wao waiita QAT, kwa Q tena, na ile mihrabu ninayoelekea mara tano kwa siku imo. Nilikuwa nimekaa juu ya kamusi ile miaka yote nikidhani najua mipaka yake.

Siku ya kuagwa, mwezi uliopita, walinipikia biriani, wakanipa saa ya ukutani na kanzu. Hamadi, ambaye naye yuko karibu kustaafu, alitoa hotuba ndefu ambayo sehemu ya ukweli ilikuwa fupi. Kisha wakanitaka jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja katika miaka yote ile: nicheze. Mshika kamusi hachezi, hiyo ni sheria ya Bwana Lobo. Lakini tangu asubuhi ile mshika kamusi hakuwa mimi tena.

Nikakaa na Hamadi. Mkono wangu uliingia mfukoni, ukakutana na ile V ya mvule, na haukuitambua. Tulicheza vibaya, wazee wawili, watu wakitucheka. Zamu yangu ya nne au ya tano vigae vikajipanga mbele yangu, nami sikuamini macho. Nikaviweka ubaoni taratibu, Q, A, D, I.

Chumba kizima kikapiga makofi. Hata wageni walikijua kisa. Hamadi akangoja wanyamaze, akakunja mikono kifuani.

"Nabisha," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Josefina hakucheka. Alivaa miwani, akaisogeza marufaa, akaifungua kamusi, akatafuta kwa kidole mpaka akafika, akaweka rula chini ya neno. Kisha akaigeuza kamusi ituelekee, akanyamaza mpaka nikasoma hadi mwisho.

"Iko, Maalim," akasema.

Nikachukua alama zangu, wala sikumsahihisha.